Kuvua Ukingoni na kwa Kayaki Karibu na Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Je, ndani ya jiji penyewe kuna mahali pa kuvua?

Maji yapo, ila samaki wake hawafai kuliwa. Bwawa la Nairobi, lile linalopakana na Kibera na Lang'ata, limefunikwa na gugumaji na kupokea maji taka kwa miaka mingi. Mto Nairobi, Mto Ngong na Mto Mathare hubeba uchafu wa viwanda na wa makazi. Kambare huweza kuishi humo kwa sababu ana uwezo wa kupumua hewa, na hilo huwadanganya watu wakadhani kwamba maji yanayoishi samaki ni maji mazuri. Ukitaka kujifunza kurusha mshipi, jifunzie kwenye uwanja wa nyasi: funga chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) bila ndoano na ulenge beseni lililo mita 15 mbele yako.

Nitajuaje kama samaki wa mahali fulani anafaa kuliwa?

Uliza kwanza maji yanatoka wapi. Swali hili moja lina thamani kuliko orodha yoyote ya sehemu za kuvulia.

Mito inayopita jijini yote huishia Mto Athi. Kwa hiyo ukivua Athi chini ya jiji, pamoja na pale Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, unavua maji ambayo Nairobi imeshayatumia. Mandhari ni ya kupendeza na wenyeji huvua pale, lakini sisi hatushauri kula samaki wa hapo. Kuchemsha au kukaanga huua vijidudu tu. Metali nzito kama risasi hubaki ndani ya nyama hata uipike siku nzima.

Upande wa pili wa mgawanyo wa maji mambo ni tofauti. Mto Chania hukutana na Mto Thika mjini Thika, na maji hayo huelekea Tana, si Athi. Ziwa Naivasha nalo hulishwa hasa na Mto Malewa na Mto Gilgil kutoka upande wa Aberdare na Bonde la Ufa, mbali kabisa na mabomba ya Nairobi. Haya yana matatizo yake pia, kama dawa na mbolea za mashambani, lakini si maji taka ya jiji la mamilioni ya watu.

Ziwa Naivasha liko mbali kiasi gani, na nitafikaje ukingoni bila kuingia shamba la mtu?

Ni kama kilomita 90 kutoka katikati ya jiji. Hapa ndipo tunapomwelekeza kila anayeanza, kwa sababu samaki ni wengi, aina ni kadhaa, na ziwa halina mamba. Lina viboko, na tutawazungumzia hapa chini kwa urefu unaostahili.

Sehemu kubwa ya ukingo iko nyuma ya uzio wa mashamba ya maua, hoteli na nyumba za watu. Njia za umma ni chache, nazo ni mialo, yaani sehemu ambapo wavuvi huegesha mitumbwi: Karagita na Kamere kwenye barabara ya Moi South Lake, Tarambeta, na ule wa karibu na mji. Kila mwalo una kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU. Anzia kwao. Wasalimu, sema umekuja kuvua kwa ndoano, kisha uliza mambo manne: wiki hii nyavu zimetegwa wapi, viboko wanalala upande gani, upepo umekuwa ukianza saa ngapi, na wapi mtu anaruhusiwa kusimama. Majibu hayo manne yatakuokolea siku nzima. Ukinasa wavu wa mtu, usiukate. Kata mshipi wako.

Njia nyingine ni kulipia kiingilio kwenye kambi au hoteli yenye ukingo wake. Ni ghali kuliko mwaloni, lakini walinzi wake huwa wanajua viboko wa hapo wanapitia wapi. Piga simu kabla ya kwenda uulize kama kuvua kunaruhusiwa, maana kambi yenye ukingo haimaanishi kambi yenye ruhusa ya kuvua.

Kuna samaki gani Naivasha?

Karibu wote ni wageni. Besi, samaki wa Marekani mwenye kinywa kipana, aliletwa mwaka 1929. Kamba wekundu wa maji baridi waliletwa mwaka 1970. Kapi alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2001, na sasa ndiye anayejaza mitumbwi ya wavuvi. Pamoja nao kuna tilapia wa aina zaidi ya moja na kambare.

Tilapia ana kinywa kidogo. Mpe ndoano namba 8 au 10, chelezo chembamba (kile kinachoelea juu ya maji), na kipande cha nyungunyungu au kidonge cha ugali ukubwa wa punje ya maharagwe. Ugali mtupu huyeyuka majini. Kanda na unga kidogo wa ngano hadi uvutike. Besi hupenda kuvizia pembeni mwa mafunjo na kwenye miti iliyozama. Tumia chambo bandia cha plastiki laini chenye rangi ya kahawia au nyekundu iliyokolea, maana amezoea kula kamba. Kambare huanza kula jua likizama. Matumbo au maini ya kuku kwenye ndoano kubwa yanatosha, ila jihadhari na miiba miwili ya mapezi yake ya kifuani. Mshike kwa kitambaa kinene, vidole vikiwa nyuma ya miiba.

Kapi anavuliwaje? Nimekaa saa sita bila kuguswa.

Huenda ulirusha chambo kimoja mahali pasipo na chakula, ukaomba. Kapi hutembea kwa makundi akichimba tope, na unachotakiwa kufanya ni kumpa sababu ya kusimama mbele yako.

Nunua sokoni Marikiti mahindi makavu, yale ya githeri, kilo 2. Yaloweke saa 24, kisha yachemshe kwa dakika 45 hadi saa nzima, mpaka punje chache zianze kupasuka. Usimwage maji yake. Acha vyote kwenye ndoo yenye kifuniko siku mbili au tatu mpaka yaanze kunuka uchachu mtamu. Mahindi yasiyoiva vizuri hufura tumboni mwa samaki, kwa hiyo usiruke hatua ya kuchemsha.

Ufungaji wake ni huu. Pitisha mshipi mkuu, nailoni ya milimita 0.30 au 0.35, ndani ya chubwi lenye tundu la gramu 20 hadi 30. Pitisha ushanga mdogo wa kulinda fundo, kisha funga pete ya kuzunguka. Kwenye pete funga kipande cha sentimita 30 chenye ndoano namba 4 au 6. Punje usiichome kwenye ndoano yenyewe: ifunge kwa uzi mfupi unaoning'inia sentimita 1 nyuma ya mkunjo. Kapi hufyonza na kutema kila kitu anachokitilia shaka. Punje ikiwa huru, yeye huitema, lakini ndoano iliyo wazi humkamata mdomo wa chini.

Ukishachagua mahali, tupa konzi mbili za mahindi, si ndoo nzima. Samaki aliyeshiba hana haja na chako. Ongeza konzi moja kila baada ya saa moja, palepale. Na legeza breki ya rili kiasi kwamba unaweza kuuvuta mshipi kwa mkono bila kujikaza. Wengi wanaopoteza kapi humpoteza katika sekunde kumi za kwanza, kwa sababu breki ilikazwa na fimbo ilikuwa imelala kwenye kijiti bila mtu wa kuishika.

Je, ni salama kupiga kayaki Naivasha?

Si salama kwa mtu anayekwenda peke yake bila kulijua ziwa. Tunasema hivyo tukijua wapo wanaofanya.

Kiboko hukaa mchana kwenye maji ya kina kifupi, na anaweza kuzama dakika tano hivi bila kuonekana. Kayaki haina kelele. Mashua ya injini humwonya. Wewe unamtokea kichwani. Akishtuka hukimbilia kina kirefu, na ukiwa kati yake na kina hicho, umesimama njiani mwake. Usiku hupanda kula majani na alfajiri hurudi kwa vijia vilivyopasuliwa katikati ya mafunjo. Kijia kama hicho ndicho kinachoonekana kama mahali pazuri pa kushushia kayaki. Usiwahi kukitumia.

Ukiamua kwenda, nenda na mashua ya mwenyeji ikikutangulia, shuka majini jua likiwa limepanda, yaani saa mbili asubuhi, na uwe umetoka kufikia saa tano. Kaa angalau mita 100 kutoka kwa kundi lolote unaloliona. Ukisikia mkoromo au ukaona mapovu yanayosogea kukuelekea, piga kafi kuelekea pembeni, usikatize mbele yake.

Hatari ya pili ni upepo. Asubuhi ziwa hulala kama kioo, na mchana upepo huamka ghafla. Mawimbi ya Naivasha ni mafupi na yaliyobanana, nayo huingia pembeni mwa kayaki. Upepo huohuo husukuma visiwa vya gugumaji, na njia uliyotokea asubuhi unaweza kuikuta imeziba kwa majani mazito ambayo huwezi kuyapita kwa kafi wala kutembea juu yake. Kila dakika 20 geuka uangalie nyuma. Weka alama mbili za kutokea, si moja. Na nanga, kilo 1.5 inatosha, ifungwe mbele au nyuma ya kayaki, kamwe si ubavuni, kamba yake iwe mara tatu ya kina, na kisu cha kuikatia kiwe kifuani kwenye jaketi la kuokoa maisha. Jaketi livaliwe na kufungwa. Likiwa limebanwa nyuma ya kiti, halimwokoi mtu.

Basi kayaki niitumie wapi?

Mabwawa madogo ya mashamba ya Kiambu, Limuru, Tigoni, Ruiru na Juja. Yalichimbwa kwa ajili ya mashamba ya kahawa, chai na maua, na mengi yalipandikizwa tilapia au besi. Kwa kayaki ya urefu wa mita 3 haya ndiyo maji yanayofaa zaidi karibu na jiji, na kutoka katikati ya Nairobi ni safari fupi.

Ruhusa ni ya mwenye shamba au meneja, si ya mlinzi wa geti. Uliza maswali ya wazi: kuna kiboko au mamba aliyewahi kuonekana? Mara ya mwisho kunyunyizia dawa ilikuwa lini? Tope la chini ni zito kiasi gani? Swali hili la mwisho watu hulisahau. Bwawa la shamba lina ukingo mwinuko na tope linalofika magotini, na mtu aliyeanguka kutoka kwenye kayaki hushindwa kutoka si kwa sababu ya kina bali kwa sababu ya kingo. Chagua mapema mahali pa kutokea. Limuru na Tigoni ziko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai maji yake ni baridi ya kukata pumzi. Vaa sweta ya sufu chini ya jaketi, si fulana ya pamba.

Masinga je?

Masinga ni bwawa kubwa la Tana lililokamilika mwaka 1981, na likijaa hufunika eneo la karibu kilomita za mraba 120. Unapita Thika na Matuu kwenye barabara ya Garissa, kisha unaiacha barabara kuu pale Kangonde kuelekea upande wa Embu. Kuna tilapia, kapi na kambare, na kuna mamba.

Kwa hiyo, kayaki hapana. Vua ukiwa ukingoni ulipo wazi, usio na majani marefu, simama mita kadhaa nyuma ya maji, na umvute samaki mpaka nchi kavu badala ya kumfuata. Usichuchumae majini kunawa mikono. Usiparue samaki hapo ulipovulia. Usirudi mahali palepale saa ileile siku mbili mfululizo, kwa sababu mamba hujifunza mazoea. Jua likikaribia kuzama, funga vyombo. Epuka pia kukanyaga maji yaliyotuama kwa miguu mitupu, kwa sababu ya kichocho.

Trauti wapo karibu?

Wapo, kwenye mito ya baridi ya Aberdare. Kambi za zamani za uvuvi zilizo karibu zaidi ni Gatamaiyu, kwenye msitu ulio juu ya Kiambu, na Kimakia, kwenye barabara ya Thika kwenda Njabini. Mito hii ni myembamba na maji yake ni maangavu, na trauti hukuona kabla hujamwona. Tembea kupanda mto, kwa sababu yeye hutazama maji yanakotoka. Kivuli chako kisiguse maji. Kwa kawaida huvuliwa kwa nzi bandia, chambo kilichoundwa kufanana na mdudu. Ndoano iwe bila kijembe, ile ncha ndogo inayoizuia kuchomoka, au kibane kwa koleo, ili mdogo arudishwe akiwa mzima. Mvua ikinyesha milimani mto hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na hapo ni bora urudi nyumbani.

Msituni kuna ndovu na nyati. Kwenda na askari wa msitu au mwenyeji anayeijua njia ni jambo la lazima.

Ndakaini, Sasumua na bwawa la Ruiru?

Hayo ni maji ya mabomba ya jiji. Ndakaini peke yake hushika mita za ujazo milioni 70. Usiingie bila ruhusa ya maandishi, na usipeleke kayaki.

Ninawezaje kutafuta sehemu yangu mwenyewe kwa ramani?

Fungua picha za setilaiti zenye historia na urudi nyuma hadi ukame wa mwaka 2009. Mwaka huo Masinga ilishuka hadi mitambo yake ya umeme ikazimwa, na Naivasha nayo ilikuwa chini sana. Picha za wakati ule zinakuonyesha sakafu ambayo leo iko chini ya maji: mikondo ya mito ya zamani, barabara, nyua, vichaka. Samaki hufuata mistari hiyo. Linganisha na picha ya sasa, tia alama mahali ambapo mkondo wa zamani unapita karibu na ukingo, na uende hapo kwanza. Naivasha, tafuta pia migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini. Maji yalipopanda iliachwa humo, na sasa ni nyumba za tilapia na besi. Itakula ndoano zako, kwa hiyo beba za ziada.

Ukifika, pima kina kwa chelezo kinachoteleza na chubwi. Mahali ambapo kina kinabadilika kutoka mita moja hadi mita mbili na nusu ndani ya hatua chache pana thamani kuliko eneo pana lililo sawa.

Saa gani na msimu gani?

Besi na kapi, alfajiri na jioni. Tilapia huchangamka jua likishapasha maji ya pembeni, kuanzia saa tatu hivi. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huchafua mito, lakini kwenye ziwa, siku mbili tatu baada ya mvua ya kwanza, pale kijito kinapoingia huwa na samaki wengi.

Ninahitaji leseni?

Ndiyo. Uvuvi wa burudani unahitaji leseni, na ofisi ya uvuvi ya kaunti ndiyo mahali pa kuanzia. Nakuru inahusika na Naivasha. Soma masharti yaliyoandikwa juu yake, hasa ukubwa na idadi ya samaki wa kubeba, na uliza kama ziwa limefungwa kwa msimu wa kuzaliana. Ndani ya hifadhi ya taifa utalipa pia kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Leseni haikupi haki ya kupita katika shamba la mtu.

Sina gari. Inawezekana?

Inawezekana kabisa kwa ukingoni. Nunua fimbo inayokunjwa vipande vinne, ikae chini ya kiti. Matatu za Naivasha utazipata Nyamakima, katikati ya Nairobi, na kutoka mjini Naivasha kuna nyingine za barabara ya South Lake zinazopita Karagita na Kamere. Ondoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri. Kurudi Jumapili jioni ni mateso ya foleni, kwa hiyo chagua Jumamosi, au katikati ya wiki ukiweza. Kayaki ya kujazwa upepo huingia kwenye buti, lakini ndoano moja au mwiba wa mgunga unatosha kuiharibu. Tunaipendekeza kwa mabwawa ya mashamba tu.

Naweza kuchukua kamba wa Naivasha niwatumie kama chambo kwingine?

Tafadhali usifanye hivyo. Kamba hawa hula mimea ya majini na kutoboa kingo za mabwawa, na wakishaingia hawatoki. Vivyo hivyo gugumaji: kipande kimoja kilichonasa kwenye kayaki kinatosha kuanzisha jipya. Kabla ya kuondoka, ondoa kila jani, fungua plagi maji yatoke, na ukaushe kayaki juani kabla ya kuiteremsha kwenye maji mengine.

Samaki atafika Nairobi bila kuoza?

Atafika ukimtoa matumbo na matamvua mapema. Matumbo ndiyo yanayooza kwanza. Beba kisanduku cha barafu, kiasi cha kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, uipange tabaka kwa tabaka, na acha tundu la kutolea maji, kwani samaki anayeogelea kwenye barafu iliyoyeyuka hulainika. Kapi ana miiba midogo mingi ndani ya nyama: mkate mistari myembamba kila nusu sentimita hadi karibu na uti, kisha mkaange kwa mafuta mengi yaliyopata moto sawasawa, miiba iive na kukatika.